KENJI NA KABANGE: JINA LA MTOTO SI SAUTI TU



Tunaandika kurasa hizi juu ya jambo linaloonekana dogo lakini linaleta maneno makubwa kila mara tunapokutana kuzungumza utamaduni hapa Kalemie: majina ya watoto. Hakosi mzee wa kusimama na kusema kwamba majina ya kigeni yafutwe katika vitabu vya komini, na kwamba mtoto wa Tanganyika hawezi kuitwa Kenji. Hakosi pia kijana wa kumjibu: « Jina ni jina tu, mzee, kila muzazi achague yenye inamupendeza. » Sisi tunasema wote wawili wanapotea, na kosa lao ni moja. Wote wanasikiliza sauti ya jina. Hakuna anayeuliza ni nani aliye nyuma yake.

Tumechagua jina hilo la Kenji kwa kusudi. Joseph na Marie tumewazoea mno, hatuoni tena kwamba walitoka mbali. Jina la Kijapani linatushtua kidogo, na kinachomshtua mwanafunzi ndicho kinachomfungua masikio.

1. Kenji alitufikia kwa njia gani?

Vijana watajibu haraka: kwa sinema za karate, kwa katuni za televisheni, kwa muziki. Ni kweli. Na tangu mwaka 2014, Kendji Girac aliposhinda shindano la The Voice huko Ufaransa, sauti hiyo imezidi kusikika katika inchi zinazosema Kifaransa. Huyo si Mjapani hata kidogo, anatoka katika jamaa za Wajitani wa Ufaransa, na jina lake lina « d » katikati. Lakini sikio la mzazi haliulizi herufi.

Iko njia nyingine, ya zamani zaidi, ambayo wengi wetu tumeisahau: njia ya shaba. Mwaka 1969 iliundwa kompani ya SODIMIZA kwa mali ya Wajapani, Nippon Mining ikiwa mbele yao. Mgodi wake wa Musoshi, karibu na Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, ulianza kutoa shaba mwaka 1972. Wanaume wa Kijapani walikuja kwa mikataba ya kazi, wengi wao pasipo wake zao. Wakaishi na wanawake wa Katanga, na watoto wakazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 Wajapani waliuacha mgodi na kurudi kwao. Wababa wengi hawakuandika tena hata barua moja. Baadhi ya watoto wale walibakia na kitu kimoja tu cha baba, nacho ni jina la Kijapani. Leo ni watu wazima wa miaka arobaini na zaidi, wenye watoto, na wengine wamekwisha kuitwa babu.

Mpaka mwaka 2015, Tanganyika ilipokuwa jimbo la peke yake, sisi na watu wa Musoshi tulikuwa Wakatanga wa jimbo moja. Historia yao ni sehemu ya historia yetu. Basi mzee anaposimama na kusema « jina la Kijapani liondoke », afahamu anasema na nani. Kwa kijana aliyelichukua katika sinema, jina ni pambo. Kwa mtoto wa Musoshi, jina ni urithi wote alioachiwa. Ukimnyang'anya hilo, umemfanya yatima mara ya pili.

2. Kenji kule kwao

Tunapenda kusema « Wajapani wanaita hivi », pasipo kujua wanaita namna gani. Tuangalie.

Kijapani kinaandikwa kwa alama ambazo kila moja ina maana yake. Sauti « Kenji » inaweza kuandikwa kwa alama nyingi mbalimbali. « Ken » moja ina maana ya afya na nguvu, « ken » nyingine ina maana ya akili na hekima. « Ji » moja ni hesabu ya mbili, nyingine ni kutawala ao kuponya, nyingine ni kusimamia kazi. Wazazi wanakaa, wanachagua alama, ndipo jina linaandikwa. Mtu anayelisikia tu hajui bado maana yake. Sauti ni gunia, na maana ndiyo nafaka iliyo ndani.

Ile « ji » ya mbili inatuhusu zaidi. Kwa desturi yao ya zamani mtoto mwanamume wa kwanza aliweza kuitwa Ichiro, wa pili Jiro, wa tatu Saburo, na ndani ya majina hayo mna moja, mbili na tatu. Kenji mwenye « ji » ya mbili anabeba nafasi yake katika uzao wa mama yake. Ukimwita, umetaja na mkubwa wake.

Sasa tuwaone waliolibeba jina hilo. Miyazawa Kenji alizaliwa mwaka 1896 huko Hanamaki, kaskazini mwa Japani. Kama sisi, alikuwa mwalimu: alifundisha katika shule ya kilimo ya mji wake, kisha mwaka 1926 akaacha mshahara ili alime pamoja na wakulima maskini na kuwafundisha mambo ya udongo na mbolea. Alikufa mwaka 1933, akiwa na miaka 37. Hadithi na mashairi yake hayakujulikana sana alipokuwa hai, leo kila mwanafunzi wa Japani anayajua. Jina lake liliandikwa kwa alama za hekima na kutawala ao kuponya.

Mizoguchi Kenji, mtengeneza sinema, alizaliwa mwaka 1898, akafa mwaka 1956. Filamu yake Ugetsu ilipata Simba wa Fedha huko Venice mwaka 1953. Nagai Kenji, mwandishi wa habari, alipigwa risasi Yangon tarehe 27 Septemba 2007, kamera mkononi, askari walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji. Goto Kenji, mwandishi wa habari pia, aliyeandika habari za watoto katika vita vya Sierra Leone, alikwenda Syria akijaribu kumwokoa Mjapani mwenzake aliyetekwa. Naye akatekwa, akauawa Januari 2015.

Na yuko Doihara Kenji, jenerali wa jeshi la Japani kule Uchina. Alama ya kwanza ya jina lake ni ile ile ya hekima tuliyoikuta kwa mwalimu Miyazawa. Alihukumiwa kwa makosa ya vita akanyongwa Tokyo Desemba 1948. Basi wale wanaodhani jina zuri linamfanya mtu kuwa mzuri, wahesabu vema. Wazee wa pwani wanasema jina jema hung'ara gizani, lakini jina jema katika mezali hiyo ni sifa ambayo mtu aliipata kwa matendo yake. Jina la kuzaliwa linatoa kazi tu, kuifanya kazi ni juu ya mwenyewe.

3. Sisi tulikuwa tukiita namna gani?

Msomaji atauliza: haya ya Japani yanatusaidia nini sisi wa Lukuga na wa ziwani? Yanatusaidia kwa kuwa ni kama kioo. Mambo tunayoyastaajabia kule yamo humu ndani.

Kwa Waluba wa Katanga, mapasa wakizaliwa, hakuna mkutano wa kutafuta majina. Majina yamekwisha kuwapo kabla ya watoto: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange, awe mwanamume ao mwanamke. Inchi nzima ilimjua Raisi Joseph Kabila Kabange, aliyetawala tangu 2001 mpaka 2019. Ni wangapi waliojiuliza hilo Kabange linasema nini? Linasema kwamba alizaliwa pacha. Na pacha mwenzake, Jaynet Kabila, aliyechaguliwa mbunge wa Moba mwaka 2011, anaitwa Kyungu. Mtu akiyasoma majina hayo mawili pamoja, anajua habari ya tumbo moja pasipo kuambiwa. Vitambulisho vya Leta haviwezi kusema hayo kwa kurasa kumi.

Jirani zetu wanafanya vile vile. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, mapasa ni Kulwa na Doto. Uganda, kwa Waganda, mapasa wanaume ni Wasswa na Kato. Baba yao anabadilika kuwa Ssalongo na mama yao Nnalongo, maana mtoto naye anawapa wazazi jina. Na tazama ajabu hii: Kato ni jina la ukoo la Wajapani wengi. Sauti ni karibu moja, maana hazikutani hata kidogo. Huo ni ushahidi mwingine kwamba sikio peke yake si shahidi wa kuaminika.

Tena kuna mlango wa pili, wa wajina. Mtoto anapewa jina la babu, la shangazi, la rafiki wa baba aliyemsaidia katika siku ya taabu. Ndiyo sababu utamkuta Kabange asiye pacha: ameitwa hivyo juu ya Kabange mwingine. Kumpa mtoto jina la mtu ni kufunga undugu. Mwenye jina anamwangalia yule mdogo kama nafsi yake, anamletea nguo, anamkaripia. Kwa hiyo wazee wetu hawakuuliza « jina hili ni zuri? » Waliuliza: « Weye uko mutoto ya nani? Jina ile ilitoka kwa nani? »

Hapa ndipo tunapata kipimo chetu. Jina la desturi ni lile lenye kujibu swali hilo. Jina lililotoka mbali laweza kulijibu vizuri, na jina la Kiluba ao la Kitabwa lililookotwa kitabuni laweza kushindwa.

4. Kwa wale wanaotaka kufuta

Wapenzi wa kufuta wanatuonyesha sheria. Ni kweli, sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inaomba majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa inchi, na inakataza majina ya matusi ao ya kufedhehesha. Sisi hatuipingi sheria. Tunauliza tu: urithi wa Wakongomani una mipaka gani? Joseph alitoka Palestina akapitia Roma na Ubelgiji kabla ya kufika kwa mapadri wa Mpala mwaka 1885. Hakuna anayemwomba Joseph aondoke kitabuni, anapokelewa bila neno kwenye nafasi ya prenomu. Kenji aliyezaliwa na mama Mkongomani, katika ardhi ya Katanga, anaambiwa ni mgeni. Kama urefu wa safari ndio kosa, wote wawili wana kosa. Kama kukaa katika jamaa zetu ndiko kunakotoa uraia wa jina, basi wote wawili wamekaa.

Tena njia hii ya kufuta tumekwisha kuitembea, tunajua inapofika. Mwaka 1971 inchi iliitwa Zaïre. Januari 1972 Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, na kila raia akaamriwa kuacha jina lake la ubatizo. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Ulaya alitishiwa kifungo. Kardinali Malula aliyepinga alilazimika kukaa Roma kwa muda. Matokeo yake? Watu walikuwa na majina mawili, la ofisini na la nyumbani. Siasa ilipofunguliwa mwaka 1990, akina Joseph na Marie wakarudi kama watu waliotoka mafichoni.

Hatusemi kwamba wakati ule haukuwa na faida. Watoto wengi walipewa majina ya mababu ambayo yangepotea. Na mji wetu wenyewe, uliopewa jina la mwana wa ndugu wa mfalme wa Ubelgiji katika siku za kapteni Jacques, uliacha kuitwa Albertville ukawa Kalemie mwaka 1966, na hakuna anayelia. Lakini mji hauna mama. Mtu anaye, na jina lake ni neno la mama yake.

Wajapani nao walipofanya jambo kama hilo, walivuna chuki. Mwaka 1940, walipokuwa wakiitawala Korea, waliwasukuma Wakorea kuandikisha majina yenye umbo la Kijapani. Watu wengi walikubali juu ya shule, juu ya kazi, juu ya woga. Japani iliposhindwa mwaka 1945, Wakorea wakarudia majina yao. Jina la kulazimishwa halishiki, na kulazimisha kuacha hakuna tofauti na kulazimisha kuchukua.

Tuseme wazi na jambo linalotuuma. Tumekwisha kuona, katika shule moja tusiyoitaja, mwanafunzi wa mwaka wa sita aliyekuwa na jina la Kijapani kutoka kwa babu yake wa Musoshi. Mwandishi wa shule akamwambia: « Jina hii haiko ya Bakongomani », akajaza karatasi za mtihani wa Leta pasipo jina lile. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, diploma ina mawili. Tangu siku ile kijana anatembea ofisi hata ofisi kuonyesha kwamba yeye ni yeye. Huyo mwandishi alidhani anatetea utamaduni. Utamaduni gani unaomfuta babu wa mtu kwa kalamu?

5. Kwa wale wanaosema « jina ni jina tu »

Hawa nao wasifurahi mapema. Tumetetea Kenji mwenye babu. Kenji asiye na mtu nyuma yake ni habari nyingine.

Sisi walimu tunaita majina kila asubuhi. Tunakuta darasani wacheza mpira, waimbaji, maraisi wa inchi za mbali, hata majina ya vitu vya dukani. Tunauliza: « Jina hii maana yake nini? » Mtoto anatazama chini. « Nani alikupa? » « Papa aliisikia ku televizyo. » Mchezaji atauzwa, mwimbaji ataimba mambo ya aibu, sinema itasahauliwa. Mtoto atabaki na jina ambalo hata mwenye kumpa hajui kulieleza. Wajapani, ambao vijana wetu wanawaiga kwa sauti, hawawezi kukubali uvivu kama huo kwao. Mwaka 1993, katika mji wa Akishima karibu na Tokyo, baba mmoja alitaka kumwandikisha mtoto wake kwa jina la Akuma, yaani shetani. Alama zote mbili za jina hilo ziliruhusiwa na sheria, lakini ofisi ya mji ilikataa, kesi ikaenda mpaka baraza la hukumu, na mwishoni baba akachagua jina lingine. Tangu Mei 2025 sheria yao inaomba hata namna ya kusoma jina iandikwe kitabuni, na usomaji usiopatana na desturi waweza kukataliwa. Nao wana wazazi wa kutafuta sauti za kung'ara. Lakini kule jambo linajadiliwa. Kwetu linapita kama maji ya Lukuga.

Hasara kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Kila mara jina tupu linapochukua nafasi katika kitabu, jina moja lenye mtu linabaki nje. Tumeona mapasa walioandikwa kwa majina mawili yanayofanana mwisho, ili yapendeze yakiitwa pamoja, na Kyungu na Kabange hawakuandikwa popote. Nyumbani bibi anawaita kwa majina yao ya haki. Bibi akifa, nani atawaita? Wajukuu wao hawatajua kwamba katika jamaa yao kulizaliwa mapasa. Na wale wa karibu wa ziwa, Waholoholo, Watabwa, Wabembe, Batwa, kila mmoja ana majina ya namna yake yaliyo katika kinywa cha wazee peke yake. Vita na kukimbia kwa miaka mingi vimetawanya wazee hao. Hatuna wakati wa kuchezea.

Mtu akituambia: « Mwalimu, hayo ni mapenzi ya muzazi, hayakuhusu », tunajibu kwamba yanatuhusu. Jina la mtoto si mali ya mzazi. Mzazi analitumia miaka ishirini, mtoto analibeba maisha yote, na jamaa inalirithi baada yake.

6. Tunaomba nini?

Kwanza, wazazi wasiende komini na jina wasiloweza kulieleza. Kiulizo kinatosha kimoja: limetoka kwa nani? Kama jibu lipo, liwe la Kiluba, la Kitabwa, la Kiarabu, la Kilatini ao la Kijapani, waandikishe bila haya. Na waandikishe mapema, maana tangu mabadiliko ya mwaka 2016 sheria inawapa siku 90 na wengi wanaziacha zipite.

Pili, mapasa waandikwe Kyungu na Kabange, ao kwa majina ya desturi ya kabila lao, katika nafasi ya jina ao ya jina la nyuma. Nafasi ya prenomu inabaki huru. Karatasi yetu ina nafasi tatu, hakuna sababu ya kumfukuza babu ili kumpokea mgeni.

Tatu, waandishi wa komini na wa shule waandike jina lililo katika cheti, herufi kwa herufi. Kazi yao ni kuandika. Wakiona jina la matusi, sheria iko. Wakiona jina la kigeni, waulize kwa heshima, na jibu litawafundisha historia.

Nne, na hili ni letu sisi walimu: tuwape wanafunzi kazi ya likizo. Kila mmoja amwendee mzee mmoja wa jamaa yake, amwulize majina kumi, maana yake, na nani alimpa nani. Akiwapo mtoto mwenye jina la Kijapani, naye amwulize mama yake, ao bibi yake wa Musoshi kama yuko hai. Madaftari hayo yakusanywe na yaletwe kwa chama. Tuko tayari kuyasoma na kuyapanga, na kurasa za kitabu kinachofuata tutawaachia hao.